Kisugulio Chenye Pini Mia Nne Sabini na Nane

Shemeji yangu ni fundi wa kompyuta, na kabla ya kufungua mashine yoyote huiamkia. Zile mpya huziambia "mambo vipi" tu, lakini mashine iliyozidi miaka kumi huiwekea mkono juu ya bati lake na kusema, "Shikamoo." Kisha husubiri kidogo, kama mtu anayetegemea kujibiwa. Wateja wageni hutazamana. Wenyeji wameshazoea, na mwenye duka la picha huitikia "marahaba" kwa niaba ya kompyuta yake ili kazi ianze haraka.

Ni mtu wa miaka arobaini na tisa, mrefu, mabega yameinama mbele kwa kuchungulia matundu. Amemwoa dada yangu mdogo. Chumba chake cha kazi kiko ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana ya ushonaji ya mama yetu, ambako mimi huandika oda na vipimo vya wateja. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu, na tarehe na saa ninazo kwenye daftari, ukurasa wa nyuma, baada ya viuno na mabega.

Shemeji ana utaratibu mmoja ambao hauvunji. Chochote akitoacho ndani ya mashine humrudishia mwenyewe. Zamani mteja mmoja alimtuhumu kwamba amemwibia skrubu ya televisheni. Skrubu moja. Tangu siku hiyo kila kinachotoka hutiwa kwenye bahasha ya kaki na mteja husaini: feni mbovu, waya ulioungua, betri iliyokufa. Mwaka juzi alimrudishia mwalimu mkuu vumbi la kompyuta ya ofisini, limekunjwa vizuri ndani ya karatasi.

"Vumbi lako hili, mwalimu. Uzito sijapima."

Mwalimu alisaini.

Mtu pekee ambaye uaminifu huo haukuwahi kumgusa ni mama. Kisa chake ni cha miaka kumi na tisa iliyopita. Siku shemeji alipokuja nyumbani kwetu mara ya kwanza, akiwa bado mchumba, amevaa suruali iliyonyooshwa mpaka inakata, aliikuta redio ya mama inakoroma. Hakuna aliyemwomba. Akatoa bisibisi mfukoni, akaifungua. Alipoifunga haikukoroma tena, lakini toka saa hiyo mpaka leo inashika stesheni moja tu, ambako mwanamke mwenye sauti nzito husoma namba kwa lugha ambayo hakuna anayeijua nyumbani. Mama hakuwahi kumwita fundi hata siku moja. Humwita "yule bwana wa redio", na hazungumzi naye moja kwa moja. Huzungumza nami, hali mwenyewe amekaa hatua mbili kutoka hapo.

"Mwulize yule bwana wa redio kama atakunywa chai."

"Shemeji, mama anauliza kama utakunywa chai."

"Mwambie mama nitashukuru sana."

"Anasema atashukuru sana."

"Nimesikia. Kwani mimi kiziwi?"

Tunaye na mkwe mwingine, mume wa dada yetu mkubwa, ambaye wote tunamwita Bosi. Anauza kompyuta mpya mjini. Huyo mama humwita "mwanangu", na kiti chenye mto ni chake.

Sasa, karakana ina mashine ya kutarizi, ile inayoshona nembo za shule yenyewe, na mashine hiyo huendeshwa na kompyuta kuukuu. Haiwezi kuendeshwa na mpya, kwa sababu kebo yake ni ile pana ya zamani, na kompyuta za siku hizi hazina tundu la kuipokea. Kompyuta hiyo ilikuwa na kosa moja, uvivu. Nembo ya shule jirani ni ndege aliyeshika kitabu kwa mdomo, na picha hiyo ilichukua dakika tisa kufunguka.

"Dakika tisa," mama alikuwa akisema huku anaitazama skrini. "Ndege wa kweli angekuwa ameshakisoma hicho kitabu, amekirudisha."

Shemeji alilisikia hilo, na hapo ndipo alipojitia kitanzi. Akajitolea kubadilisha prosesa. Kwa asiyeijua, prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta: kipande bapa kama biskuti, na chini yake zimeota pini nyembamba kama nywele, safu kwa safu. Alipata moja yenye kasi mara mbili, pini zake idadi ile ile, mia nne sabini na nane. Akatoa ya zamani, akapachika mpya, akaitia ya zamani kwenye bahasha ya kaki na kuileta kwa mikono miwili. Mama akasaini.

"Mwambie nimepokea biskuti yake."

Tukawasha. Bodi, yaani lile bamba kubwa ambalo kila kitu huchomekwa juu yake, iliandika kwenye skrini kwamba prosesa hii haijulikani, kisha ikaiendesha kwa mwendo wa chini kabisa inaoujua. Ndege alifunguka kwa dakika kumi na nne.

Mama aliangalia saa ya ukutani, akaniangalia mimi.

"Mwulize kama alikusudia kurudi nyuma."

"Ni ngeni tu, mama," shemeji alisema, akinitazama mimi kama ilivyo desturi yetu. "Tuipe siku mbili tatu."

Tuliipa wiki mbili. Najua, na yeye alijua, kwamba bodi si mtoto wa chekechea, haizoei wageni kwa kukaa nao. Lakini aibu humfanya mtu aseme mengi. Kila asubuhi alivuka barabara, akasema shikamoo, akawasha, akasoma skrini, akarudi kwake bila kumtazama mtu.

Halafu ikaja oda ya masweta sitini ya shule, ya kukabidhiwa Jumamosi asubuhi. Jumatano shemeji alijitosa. Alihamisha vile viplastiki vidogo vinavyoiambia bodi mwendo. Ikakataa. Akatoa betri ya bodi ili isahau mipango yote na kuanza upya. Kusahau, ilisahau. Alipowasha, feni ilizunguka, taa ya kijani ikawaka, na skrini ikabaki nyeusi tii. Sasa hata zile dakika kumi na nne hatukuwa nazo.

Mama aliweka mkasi mezani taratibu. Mama akiweka kitu taratibu, sisi watoto wake huwa tunatafuta mlango.

"Mwambie yule bwana wa redio hivi. Kesho saa sita mchana mwanangu anakuja na gari kuchukua mashine na kompyuta, akazitafutie dawa huko mjini. Na zikishachukuliwa, yeye asiguse tena kitu cha nyumba hii. Hata kitasa. Akija kututembelea, agonge kwa kiwiko, atafunguliwa."

Sikuwa na haja ya kurudia. Shemeji alikuwa amekwisha kuangalia viwiko vyake.

Alhamisi saa mbili asubuhi alivuka barabara akiwa na disketi moja, zile bapa za mraba za zamani, ameishika kama yai. Macho yalikuwa mekundu, lakini uso ulikuwa wa mtu aliyepata jibu.

"Mwambie mama nimejua tatizo. Ndani ya bodi kuna programu ndogo iliyowekwa kiwandani. Ndiyo huamka kwanza, na ndiyo yenye orodha ya prosesa inazozijua. Hii ya kwetu ilitengenezwa baada ya orodha kufungwa, kwa hiyo haimo. Waliotengeneza bodi walitoa orodha mpya baadaye, nimeipata kwenye mtandao, iko humu."

"Mwambie aitie basi," mama alisema.

"Haiwezekani kuitia bodi ikiwa imelala. Na haiamki mpaka iwe na prosesa inayoijua. Yaani ile ya zamani. Tukiirudisha ile, bodi itaamka, nitaiwekea orodha mpya, ndipo nitoe ile na kuweka hii."

Mama alifikiri, sindano mdomoni.

"Kwa hiyo yule wa zamani ndiye mshenga. Aje kwanza, amtambulishe huyu, halafu aondoke zake."

"Hivyo hivyo, mama."

"Sasa hapo amesema kitu," mama aliniambia. "Mwambie amlete."

Shemeji alinitazama. Mimi nilifungua daftari, ingawa nilikuwa najua kilichoandikwa.

"Mama," nilisema, "unaye wewe. Ulimsaini."

Bahasha ilikuwa kwenye droo ya vifungo, chini ya zipu nyeusi. Ndani mlikuwa na pini za kufungia nepi kumi na moja. Biskuti haikuwemo.

"Mimi sijui," mama alisema. "Kibati kama kile nani atakikumbuka? Labda kilitupwa."

Shemeji alikaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa tu, na kwa bahati palikuwa na rundo la vitambaa. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba alikwisha kupita maduka matatu jana jioni akitafuta ya kujaribia, na hakuna mwenye prosesa ya umri ule. Saa yangu ilisema saa tatu kasoro dakika kumi.

Wakati huo dada yangu mdogo, mkewe, alikuwa mlangoni na chupa ya chai, amesikia yote.

"Mnatafuta nini? Kile kidude cha mraba, chini kina miiba miiba?"

"Ndicho!" shemeji aliruka.

"Si kile anachosugulia magaga mama?"

Nimeishi na mama yangu miaka arobaini na sita, na ile ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikunja vidole vya miguu ndani ya ndala.

"Kinasugua vizuri kuliko jiwe," alisema hatimaye, akiutazama ukuta. "Kinaingia mpaka kwenye nyufa. Kama watu wa kompyuta hawajui matumizi ya vitu vyao, hilo si kosa langu."

Dada alikwenda nyumbani, ambako ni nyuma ya karakana tu, akarudi na kisahani cha sabuni cha rangi ya waridi. Prosesa ilikuwa imelala humo ubavu ubavu, imevaa povu lililokauka. Katikati ya pini kulikuwa na unga mweupe ambao shemeji aliutazama kwa heshima na kuamua kutouliza.

Aliiosha kwa spiriti na mswaki laini, akaikausha kwa kipulizio cha nywele cha dada, akaigeuza kwenye mwanga. Nikahesabu pamoja naye. Pini thelathini na moja zilikuwa zimepinda na mbili zimelala kabisa. Hakuna iliyokatika. Ingekatika moja tu, basi.

"Zitanyooshwa," alisema. Akachukua kibano, akainama, na mkono wake ukaanza kutetemeka. Hakuwa amelala vizuri, na vidole vyake vilikuwa na mengi ya kupoteza. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu kibano kiligusa pini nzima, nayo ikapinda. Thelathini na mbili.

Mama alikuwa akichungulia kutoka kwenye cherehani. Nilimwona anavumilia, anavumilia, mwisho akasimama.

"Mwambie aache. Anazitesa."

Akavuta kiti, akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akachagua sindano nyembamba kuliko zote kwenye mto wa sindano. Mama yangu ametunga uzi kwa miaka arobaini na mbili, na mkono wake ukishika sindano hautetemeki hata akikohoa. Aliishika prosesa kwa kitambaa cha pamba, akaingiza ncha kati ya safu mbili, akainua pini ya kwanza kama anayeinua mshono asiuharibu. Ikasimama.

"Mwambie asogeze taa."

Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia.

"Wewe, hebu sogeza taa!" alisema mama. "Hapo. Usinipumulie."

Nilifunga mdomo. Shemeji alisogeza taa na kuacha kupumua, zote mbili kwa pamoja. Niliandika saa: tatu na dakika ishirini na nne.

Ilichukua zaidi ya saa moja. Kila safu ikinyooka mama aliitazama kwa ubavu, kama anavyotazama pindo la sketi, na kusema "haya". Pini mbili zilizolala alizifanyia kazi ulimi ukiwa nje.

"Hizi mbili zilikutana na kisigino cha kushoto," alieleza. "Ndicho kigumu."

"Pole, mama," shemeji alisema.

"Asante."

Saa nne na dakika arobaini prosesa ya zamani ilirudi mahali pake. Iliingia yenyewe, bila kusukumwa, tukasikia kimkono cha kuibana kikilia tik. Shemeji akapaka grisi ya kupozea, akafunga feni, akaweka kiganja juu ya bati.

"Shikamoo."

"Marahaba, washa," alisema mama.

Skrini ikawaka. Bodi ikaandika jina la prosesa, herufi zote, na mwendo wake ule ule wa uvivu. Sikujua kwamba mtu anaweza kufurahi hivyo kuona uvivu. Shemeji akasukuma disketi ndani, akasoma maandishi mara mbili kwa kidole, akabonyeza kitufe, kisha akageuka kwetu amekuwa mweupe kama chaki ya kushonea.

"Sasa. Dakika nne. Inafuta orodha ya kale na kuandika mpya. Umeme ukikatika hapa katikati, bodi haitaamka tena maisha."

Lazima niseme kuhusu umeme wa karakana yetu. Una hasira za karibu. Kompyuta ikiwa inafanya kazi na mtu akawasha ile feni kubwa ya sakafuni, swichi kuu huruka na sote tunabaki gizani, mchana kweupe. Kila anayefanya kazi pale analijua hilo. Asiyefanya kazi pale halijui.

Gari lilisimama nje. Bosi aliingia kabla ya saa yake, shati limemganda mgongoni, kwapani amebana maboksi mawili ya kufungia mashine.

"Shikamoo, mama! Joto gani hili?" alisema, na kama mtu anayejisikia nyumbani, akaenda moja kwa moja kwenye feni na kuishika plagi yake. "Mnaishije humu bila kuwasha..."

Shemeji alitoa sauti ambayo si neno. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza. Mama ana miaka sabini na mmoja, na sijui alifikaje. Ninachojua ni kwamba utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake uliruka, ukamchapa Bosi kwenye kiganja, na plagi ikaanguka sakafuni.

"Toa mkono hapo!"

"Mama, mimi mwanao! Nawasha feni tu!"

"Mwanangu ndiyo, na utajipepea na hilo boksi. Kaa pale. Usiguse kitu. Huoni fundi anafanya kazi?"

Bosi alikaa. Alikaa kwenye rundo la vitambaa, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa amekivuta kile kiti chenye mto mpaka mbele ya soketi na kukikalia, mikono kifuani, kama askari wa benki. Dada yangu alinitazama. Mimi nilimtazama shemeji. Shemeji alikuwa akitazama skrini, lakini masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

Dakika ya nne ikaisha. Bodi ikaandika kwamba kazi imekamilika. Shemeji akazima, akatoa ya zamani, akaweka mpya, grisi, feni, kiganja.

"Shikamoo," alinong'ona.

Tulisubiri. Skrini ilikaa nyeusi kwa muda wa mtu kumeza mate mara mbili. Kisha ikawaka, na pale juu, mahali ambapo wiki mbili nzima paliandikwa kwamba haijulikani, bodi iliandika jina kamili la prosesa mpya na mwendo wake wote, bila kupunguza hata kidogo.

Mama alikuja na miwani yake miwili, akasoma polepole, herufi baada ya herufi.

"Imemjua," alisema.

Tulifungua yule ndege. Niliangalia saa: dakika nne na sekunde ishirini. Mashine ya kutarizi ikaanza kugonga, na sweta la kwanza likatoka na ndege na kitabu chake. Bosi alisaidia kupanga masweta, jasho likimtiririka, na kila baada ya muda aliitazama feni na kisha kumtazama mama. Maboksi yake tulitilia masweta hayo, na Jumamosi asubuhi yote sitini yalikuwa shuleni.

Lakini hilo lilikuwa baadaye. Alhamisi ile ile, kabla hajavuka barabara kurudi kwake, shemeji alitoa bahasha mpya ya kaki, akatia prosesa ya zamani ndani, akamletea mama kwa mikono miwili. Utaratibu ni utaratibu. Mama akasaini. Akaichungulia bahasha, akaitikisa kidogo asikie kama imo, akaitia mfukoni mwa aproni, siyo kwenye droo.

Shemeji alikuwa ameshafika mlangoni, amekishika kitasa kwa mkono wake wote, vidole vitano, na kukigeuza polepole kuliko kitasa kinavyohitaji, mama alipomwita.

"Fundi."

Akageuka.

"Hii mpya nayo itakuja kuzeeka?"

"Itazeeka, mama. Baada ya miaka mitano, sita, tutatafuta nyingine."

"Basi siku hiyo ukiitoa usije ukaipa mtu mwingine," alisema mama, na akanyoosha mbele ndala zake mbili, moja baada ya nyingine, ili aone vizuri. "Mimi nina miguu miwili."